Binti Aliyekaguliwa na Ukoo

Jumapili iliyopita nilipomwombea binti yetu anayekwenda kusoma shule ya bweni Uingereza, nilisikia miguno pale nyuma. Msigeuke kutazamana, mnajijua. Mmoja alinifuata hadi mlangoni: "Mchungaji, unabariki watoto wetu waende kuharibiwa?" Sikumjibu. Namjibu leo, na akitaka kununa anune.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuguzi wa zahanati. Binti yake wa pekee alipata ufadhili wa kwenda kusoma shule kama hiyo. Mama alilia kwa furaha. Maabara ambako kila mtoto anashika vifaa kwa mkono wake, siyo kuchungulia juu ya mabega ya wenzake themanini! Maktaba iliyojaa. Mwalimu anayeishi bweni moja na watoto, anayejua nani anaumwa na nani kakumbuka kwao. Mzazi gani hapa angekataa? Nyoosha mkono nikuone.

Shemeji yake, mkubwa wa ukoo, alikataa katakata. "Atarudi hajui shikamoo. Atarudi malkia, anaagiza maji huku kalala."

Wakabishana wiki nzima. Mwishowe mama akasema, "Mwacheni aende mwaka mmoja. Akirudi likizo, ukoo mzima mkae mumtazame. Mkimkuta ameharibika, abaki hapa, nami sitafungua kinywa." Mnaiona roho ya mama huyo? Aliyaweka masomo ya mwanawe mikononi mwa watu waliokuwa wakiomba ashindwe.

Mwaka ukapita, binti akarudi. Ukoo ukakusanyika nyumbani kwa shemeji, watu kama thelathini, wakala cha mchana. Sasa, asubuhi ile dada wa kazi alipata msiba akaenda kwao. Mashangazi walikuwa wamepika wao wenyewe, hoi bin taabani, na vyombo vimerundikana uani. Vijana wanne wa shemeji, wameshiba, wamejilaza kwenye makochi. Mmoja anaita, "Dadaaa! Maji!" Dada hayupo. Anaita tena. Jamani, jagi lenyewe lilikuwa hatua tatu kutoka alipolala!

Binti akasimama. Alikuwa ameshasalimia, na kweli ulimi ulikuwa umekuwa mzito kidogo, shikamoo yake iliwachekesha watu. Sitawaficha hilo. Akakunja mikono ya gauni, akatoka uani, akavuta beseni. Akaanza na masufuria, yale yenye masizi ambayo kila mtu huyaacha ya mwisho. Alipomaliza akaingia ndani, akafuta meza, akawapitishia wazee maji ya kunywa mmoja mmoja.

Shemeji akamwita. "Mama yako ndiye kakutuma uje kutuonyesha haya?"

"Hapana, baba mkubwa. Bwenini tunafanya kazi kwa zamu. Kitanda unatandika mwenyewe kabla ya kengele, hakuna wa kukutandikia. Mwanzoni nililia sana. Sasa nimezoea."

Shemeji alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Akakohoa, akasema, "Huyu hajaharibika. Arudi shule."

Mnadhani mama alipiga vigelegele? Thubutu! Alisimama katikati ya sebule. "Asante, shemeji. Lakini msiondoke, kikao hakijaisha. Wangu amekaguliwa mbele ya ukoo mzima. Sasa tuwakague na wako."

"Hao ni wavulana," shemeji akajitetea.

"Kwani wao wamekula kwenye majani ya mgomba, hawana chombo cha kuosha? Hawa hawajavuka hata mpaka wa wilaya, shemeji. Nani amewaharibu?"

Ehe! Mbona hamcheki tena?

Ndugu zangu, sisi tunaogopa Uingereza kana kwamba uharibifu ni lazima upande ndege kuja kwetu. Tunao watoto wa miaka kumi na sita ambao soksi zao zinafuliwa na binti wa umri huohuo, binti wa mtu, aliyeacha shule ili aje kufua. Hilo halitunyimi usingizi. Kinachotukera ni mtoto wa mjane kusoma mbali. Huo si ulinzi wa mila, ni wivu uliovaa suti ya Jumapili, na leo nimeamua kuuita kwa jina lake.

Aliyepata mlango wa kumpeleka mwanawe huko, ampeleke, tena asimwombe mtu radhi. Mtoto atapata elimu, na atajifunza kusimama kwa miguu yake. Na sisi ambao mlango huo hatukuupata, tusijifiche. Tutatoka hapa, tutakwenda nyumbani, tutakula. Vyombo vya mchana huu vitaoshwa na mtoto wa nani? Jibu moyoni mwako, na Mungu anakusikia.