Kabula na Maji ya Kuungia

Je, wajukuu zangu, fundi anayeijua kazi yake akikaa wiki tano na kazi isitoke, mtamlaumu nani? Msijibu upesi. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe, "Usimlaumu muungaji, mtazame mkononi," nanyi mkanijia mbio kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na nilikuwapo, povu la sabuni limenifika viwikoni.

Nilikuwa nikiosha vyombo vya kioo katika maabara ya mihogo. Shule yangu ni ya darasa la saba, lakini kila chupa ya pale niliijua kwa mkwaruzo wake. Kazi yenyewe ya maabara aliifanya binti aitwaye Kabula, mwembamba, macho yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Mkubwa wake alikuwa Daktari Masalu, mtu wa bidii, aliyesahau kula na kudhani wengine nao wameshiba.

Mwaka huo mihogo ilioza ardhini kwa michirizi ya kahawia. Likapatikana shina moja lililokataa kuugua. Kabula akapewa kazi ya kutoa kipande cha DNA ya shina hilo, ule uzi mwembamba unaobeba urithi, na kukiunga kwenye pete ya DNA nyingine ili kiweze kuchunguzwa. Anayeunga si mtu, ni kimeng'enya, kitu kidogo kisichoonekana. Kabula alichanganya, akasubiri, akatazama mistari ya nyuzi hizo chini ya taa. Nyuzi zimelala mbalimbali. Kesho yake vilevile. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Daktari akasema kimeng'enya kimekufa. Kikaagizwa kipya, kikaja ndani ya barafu. Hakikuunga. Kikaagizwa kingine. Nacho hakikuunga.

"Kabula, hiki nacho umekiharibu?"

"Sijakiharibu, Daktari."

"Basi kasoro iko mikononi mwako. Ijumaa ndiyo mwisho. Nyuzi zisipoungana, utarudi shambani kupima majani, nami nitatafuta mwingine."

"Ndiyo, Daktari."

Kabula akaja kuegemea ukuta kando ya sinki langu. Miaka miwili ya kupima majani juani ndiyo iliyomfikisha humo ndani.

"Mama, labda kweli nina mkono mbaya."

"Mkono mbaya ungevunja chupa zangu. Hujavunja hata moja. Hebu nieleze, huyo muungaji wako anaunga vipi?"

Akachovya kidole kwenye povu, akachora mezani. Kimeng'enya, akasema, hakiungi kwa nguvu zake. Kwanza hukutana na kitu kiitwacho ATP, hukimega kipande na kujibandika nacho. Kisha hukihamishia kipande kile kwenye ncha ya uzi. Ncha ikishakibeba, ncha ya jirani huishika, uzi hufungamana, na kipande hudondoka. Na magnesi, aina ya madini, iwepo pembeni, ikisaidia kila hatua. Pasipo na cha kumega, muungaji anazunguka tu.

"Na hiyo ATP inakaa wapi?"

"Kwenye chupa ya maji ya kuungia."

Chupa hiyo niliijua! Kila asubuhi aliitoa kwenye friza, akaiyeyusha, akachukua tone, akairudisha igande. Kila alipoitoa alichora kistari kwenye lebo, na vistari vilikuwa vimejaa mpaka vinapandana. Daktari alikuwa na amri yake, kama ya mama mwenye nyumba na mafuta ya kupikia: chupa ya pili haifunguliwi mpaka ya kwanza iishe.

"Mwanangu," nikasema, "nyama iliyoganda na kuyeyuka mara zote hizo, nisingempikia hata mkwe ninayemchukia."

Kabula akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Akaichukua ile chupa, akaitazama lebo.

Tukaenda nayo wote wawili kwa Daktari. Kabula akaomba chupa ya pili.

"Ya kwanza haijafika hata nusu!" Daktari akafoka. "Unataka kunifilisi baada ya kunichelewesha?"

Kabula akainamisha kichwa. Uzee una ruhusa zake, basi nikasema mimi: "Daktari, usimlaumu muungaji, mtazame mkononi. Umeleta waungaji wapya wawili, na wote umewapa kazi wakiwa mikono mitupu. ATP imekwisha kuvunjika humo chupani kwa kuganda na kuyeyuka."

Akaichukua chupa, akavisoma vistari kimoja kimoja, midomo ikicheza. Kisha akatoa ufunguo wa friza.

Kabula aliigawa chupa mpya kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha siku moja, kisirudi kuganda. Ijumaa asubuhi taa ikawashwa: mstari mpya umesimama mahali pake. Pete imefunga.

"Hodari!" Daktari akapiga makofi. "Jumatatu tunaanza vipande vingine ishirini. Mbona hufurahi? Nimeanza kuona uvivu ndani ya..."

Akamtazama Kabula vizuri, pengine kwa mara ya kwanza, na yale macho yaliyoingia ndani. Akamvutia kiti.

"Usimlaumu muungaji," akasema polepole, "mtazame mkononi. Kabula, wewe unataka nini?"

Wiki tano nilimsikia akijibu "ndiyo, Daktari." Sasa akakaa.

"Nataka kulala, Daktari. Nataka kwenda kwa mama yangu nikalale mpaka njaa iniamshe."