Sikio la Kondoo wa Ngalwa

Sogeeni hapa nisipige kelele, kifua changu si ngoma. Na wewe unayejinyoosha kama unatafuta mto, kaa kitako! Hadithi hii mwisho wake sina mimi. Mtautoa nyinyi, na nitaanza na aliyesinzia.

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, palikuwa na nchi tatu zilizopakana. Ya kwanza Loripo, nchi ya nyasi. Huko kondoo walikuwa wengi kuliko watu. Mtu akipiga chafya, kondoo wanamwitikia kabla ya mkewe. Ya pili Harale, nchi kame. Huko kila nyumba ilikuwa na kondoo wake wachache, kila mmoja ana jina lake, na akiugua mmoja majirani wanakuja kutoa pole. Ya tatu Ngalwa, nchi ya milima na baridi. Huko kondoo walikuwa... aa, hawakuwapo. Hata wa dawa. Ugonjwa wa sotoka ya kondoo ulipita ukawamaliza wote, na mazizi yakaota magugu.

Mtasema, "Bibi, kondoo ni kondoo tu, si wangefuga kuku?" Ngojeni kwanza, mdomo huponza kichwa.

Katikati ya nchi hizo tatu palikuwa na bonde la chumvi. Udongo wenyewe chumvi: ng'ombe wanaulamba, watu wanauchota wakaungie mboga. Bonde lilikuwa na mlinzi wake, Bi Nandera, mwanamke mkali, hana kabila la kupendelea wala shoga wa kumwonea haya, na kiunoni ana kisu kidogo. Kila masika yakiisha, kila nchi huteremsha kondoo wake, na wanakondoo wapya hukatwa alama sikioni. Loripo hukata chale ubavuni mwa sikio. Harale hutoboa tundu katikati. Ngalwa hukata ncha. Sikio hukatwa mara moja tu, na kondoo akishakatwa ni wa nchi ile mpaka dunia iishe. Nchi isiyo na sikio hata moja, njia yake ya kwenda bondeni huzibwa kwa miiba, na malisho ya kando ya njia ile hugawiwa jirani.

Mwaka huo watu wa Ngalwa walifika wameshika fimbo bila kondoo. Bi Nandera akawatazama, akasema, "Mkono mtupu haulambwi. Na hapa kwangu, mkono mtupu haulambi pia. Nawapa mpaka masika mengine yaishe. Mkija bila sikio, naziba."

Wanaume wa Ngalwa walirudi nyumbani wakafanya kikao. Kikao kikazaa kikao. Wakapanga kikao cha kupanga kikao. Mnawajua, msicheke, wako hapa hapa.

Sasa, nyumba ya mwisho kabisa kwenye njia ya bondeni ilikuwa ya mwanamke mmoja aitwaye Nakijwa, mjane, mfupi, mfinyanzi wa vyungu. Malisho yatakayogawiwa jirani ni yake yeye, aliyoachiwa na marehemu awalelee wanawe. Akaingia kikaoni bila kuitwa.

"Nyinyi kaeni," akasema. "Mimi naenda kumtafuta huyo kondoo. Sirudi mikono mitupu."

Wakamcheka. Hao! Akafunga kibwebwe akaondoka.

Akafika Loripo kwa tajiri mmoja jina lake Lemuya. Kwa Lemuya ukitupa jiwe unampiga kondoo. Nakijwa akamwamkia, akamweleza shida yake yote, hakuficha.

"Ndiyo hilo tu, mama?" Lemuya akasema. "Chagua umtakaye. Kwangu hata pengo halitaonekana."

Nakijwa akachagua jike mmoja, mweupe pee, mnono. Lemuya akamfunga kamba, akampa mkononi. Nakijwa akapiga magoti akashukuru.

Hapa ndipo pa kutega sikio, ndugu zangu. Ngalwa, ukipewa kitu huondoki na chombo cha mtu, hata kikiwa kamba. Unarudisha chombo, na chombo hakirudi kitupu. Basi Nakijwa akamfungua yule kondoo, akamfunga kwa kipande cha kanga yake, ile kamba akaifungia ndizi za kuchoma alizokuja nazo, akamrudishia Lemuya kwa mikono miwili. Kwake yeye maana yake: umenipa, ahsante, Mungu akuzidishie.

Lemuya akaipokea kamba, akatabasamu. "Mama una adabu wewe," akasema. Kwa nini? Kwa sababu Loripo ukipewa mnyama awe wako kabisa, unaondoka naye na kamba yake. Ukirudisha kamba, umekiri kwamba umeazima. Kamba imerudi, mali itarudi.

Hakuuliza huyu, hakuuliza yule. Kila mmoja akaenda zake anamsifu mwenzake. Mimi ningekuwepo ningepiga yowe! Basi, sikuwepo.

Jike peke yake hajazi zizi, na sikio lake lilishakatwa chale ya Loripo. Nakijwa akamburuta kondoo wake mpaka Harale, kwa mwanamke aitwaye Hodan. Hodan alikuwa na dume mmoja tu, kichwa cheusi tii, mwili mweupe, anaitwa Bile. Bile ndiye aliyekuwa mume wa majike wa mtaa mzima.

"Dada, nisamehe," Hodan akasema. "Bile haazimishwi."

Nakijwa hakubishana. Akaketi mlangoni. Asubuhi Hodan akiamka anakuta mtungi wake umejaa maji kutoka kisima cha mbali. Kesho yake umejaa. Keshokutwa umejaa. Hodan akakasirika, akacheka, akakasirika tena.

"Wewe mwanamke, huchoki?"

"Nachoka sana dada yangu. Miguu yenyewe hii, itazame. Lakini sirudi mikono mitupu."

Hodan akamtazama miguu, akaingia ndani, akatoka na mtandio na fimbo. "Basi Bile haendi peke yake. Tunakwenda sote, na kazi yake ikiisha narudi naye."

Wakapanda milima. Bile akafanya kazi yake, jike akashika mimba, Ngalwa nzima ikapiga vigelegele. Lakini Bile alizaliwa kwenye jua. Baridi ya Ngalwa ikamwingia kifuani, akakohoa, akakohoa, akafa kichwa kikiwa mapajani mwa Hodan.

Hodan alilia kama amefiwa na mtu. "Nimetoka na dume, nirudi na nini? Mtaa mzima unamngoja!" Nakijwa akalia naye. Hodan akakataa kuondoka. "Nitakaa hapa mpaka nikione alichokiacha," akasema, na akakaa.

Siku ya kuzaa ikafika. Jike akahangaika tangu alfajiri. Nakijwa akaingiza mkono, akamvuta mtoto, akamtoa mzima. Mama yake hakuinuka tena. Mtoto alikuwa jike, mwili mweupe kama mama, kichwa cheusi tii kama baba.

Wakampa maziwa ya ng'ombe, akatapika. Wakampa uji, akageuza shingo. Jua linapanda, mtoto analegea, na Ngalwa nzima imesimama uani haina la kufanya.

Pembeni alikuwapo Namkunda, jirani wa Nakijwa. Namkunda alikuwa amezika kichanga chake juzi tu, na maziwa hayajui habari za kaburi, yalikuwa yanamtoka tu. Akasema, "Nipeni."

"Nikupe nini?" Nakijwa akauliza.

"Nipe mtoto."

Akaketi chini, akafungua nguo, akamweka kifuani. Yule mtoto akanyonya. Watu wakageuza nyuso, wengine kwa haya, wengine kwa machozi. Tangu siku hiyo alilala kwa Namkunda, akitembea anafuata pindo la kanga ya Namkunda, na Namkunda, ambaye alikuwa hasemi na mtu tangu msiba, akaanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "mwanangu".

Masika yakaisha. Ngalwa wakateremka bondeni, mtoto wa kondoo yuko mbele na wanaume wa vikao sasa ndio wanaoimba kuliko wote. Hodan alikuwapo. Loripo nao wakafika, bonde likawa jeupe kwa kondoo wao, na Lemuya akaja akitabasamu.

"Mama mwenye adabu, hujambo? Kondoo wangu yuko wapi?"

"Kondoo wako yupi? Yule uliyenipa alikufa akizaa."

"Pole sana. Basi mtoto wake aletwe nimkate chale."

Nakijwa akamkinga mtoto wa kondoo.

"Si ulinipa!" Nakijwa akasema.

"Si ulinirudishia kamba!" Lemuya akasema.

Hapo ndipo wote wawili walipofahamu. Nakijwa akashika kichwa. Lemuya naye aliona haya, msimdhanie vibaya, lakini hakurudi nyuma. Akamwambia Bi Nandera, "Mimi ninao wengi, kweli. Lakini wengi wangu walitoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Babu yangu alianza na mmoja, na hakumwachia mtu kwa kuwa ni mmoja. Mama yake huyu ni wangu, amefia kwenye kazi ya watu, na kamba yake ninayo nyumbani. Uzao hufuata mama. Alama ni ya Loripo."

Hodan akasogea. "Mtazameni kichwa! Kuna wa Loripo mwenye kichwa hicho? Bwana Lemuya ametoa mmoja katika maelfu. Mimi nilikuwa na dume mmoja, nikampeleka kwenye baridi kwa kumwonea mwenzangu huruma. Mtaa wangu hauna dume, na mwakani huko hatutakuwa na kitoto hata kimoja. Kilichobaki cha Bile ni hiki. Alama ni ya Harale."

Nakijwa akasimama. "Lemuya alitoa jike, Hodan alitoa dume. Nani aliyewakutanisha? Loripo nilikwenda kwa miguu, Harale nilikwenda kwa miguu, mkono wangu huu ndio uliomtoa tumboni. Bila mimi, jike angekuwa Loripo na dume angekuwa Harale, na huyu angekuwa wapi? Hodan dada yangu, deni la Bile nitalibeba mpaka kufa. Lakini mkimkata alama yenu, mnamwongeza kwenye kundi. Mkininyima, nchi nzima inakosa chumvi na wanangu wanakosa pa kulishia. Alama ni ya Ngalwa."

Watu wa Ngalwa wakapiga kelele, "Ndiyo!"

Bi Nandera akachomoa kisu. "Mleteni."

Hakuletwa. Namkunda alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia, na viganja vyake vimefunika masikio yote mawili.

"Namkunda," Nakijwa akasema taratibu, "mdogo wangu, mwachilie. Ni sisi Ngalwa tutakaomkata. Ni ncha tu."

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," Namkunda akajibu. "Nyote mmesema nani kamzaa, nani kamleta. Nani kamnyonyesha hamkusema. Mwili huu wote umejengwa kwa maziwa ya mwanangu aliye kaburini. Mimi sitaki awe wa Loripo, sitaki awe wa Harale, wala wa Ngalwa. Mtoto wangu hakatwi."

"Asipokatwa hahesabiwi!" Nakijwa akalia. "Njia itazibwa! Wanangu, Namkunda!"

"Na huyu ni wangu," Namkunda akasema, na hakulegeza mikono.

Bi Nandera akamtazama Lemuya, akamtazama Hodan, akamtazama Nakijwa, akamtazama Namkunda. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hajui la kufanya. Kwenye njia ya Ngalwa vijana wake walishakusanya miiba, wanangoja neno. Kisu kikabaki juu.

Na mimi nakiacha juu hapo hapo. Msinitazame hivyo! Nilipokuwa nasimulia mlikuwa mnatikisa vichwa kwa kila aliyesema, kila mmoja mkamwona ana haki. Haya, sikio ni moja na hukatwa mara moja. Aliyemtoa mama, aliyempoteza baba, aliyetembea akawakutanisha wote wawili, na aliyempa ziwa, asiyetaka akatwe kabisa.

Wewe uliyekuwa unasinzia, shika kisu. Je, nani alistahili?