Fremu kwa Kaka, Injini kwa Mdogo

Fungeni vitabu vyenu vya nyimbo kwanza, tutavifungua baadaye. Na ninyi wa dirishani, acheni kuangalia mawingu, mvua ikitaka kuja itakuja tu. Leo nina habari ya pikipiki. Usianze kucheka, Mzee Ng'wavi, mwisho wake hauchekeshi.

Alikuwepo baba mmoja, mtu wa milimani kama sisi, mwenye pikipiki ya zamani. Alipougua akaiegemeza kwenye banda la mbuzi, na muda wote wa ugonjwa wake hakuna aliyeigusa. Kuku wakataga juu ya kiti. Mvua ikaingia, kutu ikala rimu, pistoni ikaganda ndani ya injini. Baba akafa. Akaacha mjane na vijana wawili wa kiume, watu wazima, kila mmoja na mji wake kando ya barabara ile ile. Mkubwa alijenga jirani na mama, mdogo alijenga mbele kidogo, pale barabara inapoanza kupanda kilima.

Sasa yule mama alikuwa na pumu. Wenye pumu humu ndani mnaijua. Ikimshika, alikaa mlangoni ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, anatafuta hewa haipati. Na kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya kilima. Kwa hiyo pikipiki ile, mbovu vile vile ilivyokuwa, ikitengenezwa ndiyo ingekuwa ya kumkimbiza mama. Kila mtu pale kijijini alilijua hilo, na wale vijana walilijua kuliko wote.

Ukoo ukakaa kugawa mali. Shamba likagawanywa vizuri, mbuzi wakagawanywa vizuri. Ikafika zamu ya pikipiki.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema mkubwa.

"Na mimi ndiye niliyemuuguza baba," akasema mdogo. "Wewe ulikuwa unakuja kusalimia tu, kama mgeni."

Loo! Maneno yakapanda. Wakatajiana wake zao, wakatajiana watoto wao, yakafukuliwa hata ya utotoni. Wazee wakasihi mpaka koo zikakauka. Mwishowe baba yao mdogo akasimama kwa hasira akasema, "Basi ifungueni! Mkubwa achukue fremu na magurudumu, mdogo achukue injini, roho zenu zitulie!" Mzee wa watu alitaka kuwatia aibu. Alidhani watainamisha vichwa na kusema, baba mdogo, tumekosa. Wapendwa, wale vijana wakatazamana, kisha wote wakasema, "Sawa." Spana ikaletwa pale pale, mama yao akiwa amekaa mkekani anaona.

Na msidhani walikuwa wavivu. Mkubwa aliivuta fremu yake mpaka kwake, akaipiga msasa jioni baada ya jioni mpaka chuma kikaonekana. Akanyoosha spoki, akafunga breki mpya, akabadilisha shokapu, akapeleka kiti kwa fundi viatu kikashonwa upya. Akapuliza rangi nyekundu. Watu waliopita walisimama kuishangaa. Mdogo naye kule kwake aliifungua injini yote, akaitandaza juu ya gunia, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Pistoni akaitoa kwa subira, kidogo kidogo, akaweka ringi mpya, akasafisha kabureta. Alipomaliza akaifunga kwa bolti juu ya meza nzito ya mbao, akaning'iniza chupa ya petroli juu yake, akapiga kiki. Haikuwaka. Akafungua tena. Huyo ndiye mtu mwenye bidii, mnamwona?

Mama aliwafuata wote wawili. Alianza kwa mkubwa, akakaa kwenye kigoda anatazama ile rangi.

"Imependeza, mwanangu. Sasa mwendee mdogo wako muiunganishe."

"Mama, unataka mimi nimwendee? Mimi mkubwa? Aje yeye, atanikuta. Sijamfungia mlango."

Mama akajikokota mpaka kwa mdogo, anasimama njiani kuvuta pumzi. Akamwambia maneno yale yale.

"Mimi ndiye niliyetukanwa mbele za watu, mama. Akija akasema neno moja tu la samahani, nambebea hii injini mimi mwenyewe, leo hii."

Mmesikia? Kila mmoja alikuwa tayari kupatana. Kila mmoja aliacha mlango wazi. Mnaona ubaya uko wapi hapo? Ukiwauliza mmoja mmoja, utawaona watu wema kabisa. Mama akarudi kwake.

Ikafika siku ya gulio. Mnajua siku hiyo kijijini kunavyokuwa, waendesha bodaboda wote wamekwenda gulioni, wanaume wamekwenda, wamebaki wazee na kina mama wenye watoto wachanga. Mchana ule pumu ikamshika mama, na safari hii haikumwachia. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mke wa mkubwa akapiga yowe, mumewe akatoka mbio. Akatazama huku na huku, hakuna chombo. Kuna ile fremu yake tu, nyekundu, inameta, ina breki nzuri, na pale katikati pa kukaa injini pako wazi.

Akafanya nini? Akampandisha mama yake kwenye kile kiti kilichoshonwa vizuri. Mke akamshika mama mgongoni asianguke, yeye akashika usukani, wakaanza kusukuma. Mahali pa tambarare walikwenda vizuri, magurudumu yalikuwa laini. Wakafika mbele ya mji wa mdogo, kilima kinapoanzia.

Sasa sikilizeni vizuri. Mchana ule ule mdogo alikuwa uani kwake, nyuma ya nyumba, na injini ilikuwa imewaka kwa mara ya kwanza. Imewaka! Baada ya kuhangaika kote kule. Alifurahi mpaka akaimba. Akavuta waya wa mafuta, injini ikanguruma, akavuta zaidi, ikapiga kelele mpaka mabati ya nyumba yakatetemeka. Makusudi. Alitaka kaka yake asikie kule aliko, ajue kwamba injini imepona, roho imuume.

Na kaka yake alikuwa barabarani mbele ya nyumba, anaita.

"Mdogo wangu! Mdogo wangu, njoo! Mama!"

Tangu kile kikao hakuwahi kumwita hivyo. Injini ikajibu kwa kunguruma. Akaita tena, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Kule nyuma injini ikazidishwa. Mke wake akamwambia, "Mwegemeze mama kwenye ukingo wa barabara, ingia umwite." Angeingia, ilikuwa ni kuzunguka nyumba tu. Lakini yule bwana akakaza taya, akasema, "Ananisikia. Huyo ananisikia, anafanya makusudi." Akainama, akasukuma kuingia mlimani, yeye na mwanamke mmoja na mgonjwa na chuma chote kile.

Hawakufika. Katikati ya mlima mama alilegea, kichwa kikaangukia begani kwa mkwe wake. Walisimama pale barabarani wameishikilia ile fremu isianguke, na bado walisikia injini ikinguruma kule chini. Baadaye ikazimwa, na mdogo akatoka barabarani anafuta mikono, anacheka peke yake. Akatazama juu mlimani. Alipowaona alidondosha kitambaa akakimbia, na hakuna haja ya mimi kuwaeleza alilia vipi.

Mama alizikwa. Matanga yalipoanuliwa na ndugu wakaondoka, mdogo aliipakia injini kwenye toroli akaisukuma mpaka kwa kaka yake. Hakuidai ile samahani aliyokuwa anaitaka, wala kaka hakudai ya kwake. Mmoja alishika injini, mwingine akaingiza bolti. Wakafunga cheni, wakaunga waya, wakajaza mafuta. Jua lilikuwa bado halijainama walipomaliza. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, wapendwa. Kiki moja, ikawaka. Sauti yake ilikuwa nzuri, majirani walitoka kuitazama.

Mkubwa akapanda mbele. Mdogo akapanda nyuma. Wakakaa pale juu, pikipiki inaunguruma, haiendi.

"Kaka," akasema mdogo, "tunakwenda wapi?"

Yule kaka akanyoosha mkono kwenye ufunguo. Akaizima, wakashuka.

Haya, habari imeishia hapo. Mlikuwa mnasubiri niwaambie kwamba wale vijana walikuwa watu waovu, ili mrudi nyumbani na amani. Sitawaambia hivyo. Walimpenda mama yao. Walifanya kazi kwa jasho. Sisi ni wao hasa. Sisi tunasali nyumbani kwetu, tunafunga, tunatoa zaka, tunasafisha kila mmoja kipande chake mpaka kinameta, halafu tunakaa tunasema, mlango wangu uko wazi, aje yeye. Mwenzetu akipata jambo jema tunalipigia kelele la kwetu lizidi. Mwenzetu akituita tukashindwa kusikia, anasema tumefanya makusudi. Na sisi akikaa kimya tunasema hivyo hivyo. Nani kati yetu alizunguka nyumba akaenda kuangalia?

Na katikati yetu kuna mtu anayekosa hewa. Ninawajua watoto wa mtaa huu wanaopita kwa bibi yao kwa kujificha kwa sababu baba zao hawasemezani. Ninajua mzee aliyelazwa tangu mwezi uliopita, na wanawe wawili wanapeana zamu ya kumtembelea ili wasikutane kitandani kwake. Nyie mnaangalia chini sasa, na mimi sijataja jina la mtu. Huyo mzee bado anahema. Jana nilikuwa naye, aliniuliza habari zenu wote wawili, kwa majina.

Sitaita mtu mbele leo. Sitaki mtu alie hapa, kisha apite mbele ya nyumba ya ndugu yake akiangalia upande wa pili. Wimbo wa mwisho una beti nyingi, kwaya wataziimba zote taratibu. Mlango ule pale nyuma haujafungwa. Wewe unayejijua, simama sasa hivi, toka, nenda kwake kabla hajaja kwako. Tutamaliza ibada bila wewe.