Kifaru Afundishwa Kuanguka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika uji na kugombana na majirani kama sisi, aliishi Bwana Kifaru na binti yake wa pekee, Kipusa. Sogeeni, wanangu, lakini asinicheke mtu, maana hadithi hii hunitia hasira kila niisimuliapo.

Siku Kipusa alipoanza kujifunza mieleka, baba yake alimpeleka uwanjani kwa ngoma na vigelegele. Alimfunga mkanda mpya mwekundu. Akamkabidhi kwa Mwalimu Nguchiro, yule mnyama mwembamba asiyezidi ukubwa wa kiatu, kisha akaenda zake kugaagaa matopeni. Hakurudi tena kutazama hata siku moja.

Sasa, Nguchiro alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi hafundishwi kumwangusha mwenzake mpaka ajue kuanguka yeye mwenyewe. Kwa hiyo Kipusa alianguka. Puu! Akaanguka ubavu, akaanguka mgongo, akaviringika, akainuka, akaanguka tena. Akarudi nyumbani analia.

"Baba, sitaki tena! Kila siku kuanguka tu!"

"Kuanguka?" Kifaru akafura. "Binti yangu mimi anafundishwa kuanguka? Ebo! Ukoo wetu hauanguki! Basi mwanangu, acha."

Acha! Mnasikia? Alipochoka kuogelea aliambiwa acha. Alipochoka kusuka ukili aliambiwa acha. Baba mzima mwenye pembe kama mtaimbo, chozi la mtoto linamshinda nguvu!

Asubuhi Kifaru akatua uwanjani, vumbi tifu tifu, Kipusa nyuma yake.

"Nguchiro! Namtoa mtoto wangu. Unamdhalilisha!"

Nguchiro akasimamisha mkia kwa hasira. "Bwana Kifaru, mtoto amebakiza kidogo tu aanze kuelewa, na wewe ndiwe unayemfungulia njia ya kutoroka! Kila kigumu akikikimbia, atakuja kukaa na kipi?"

"Usinifokee, wewe kipande cha mnyama!"

Nguchiro alitamani kumng'ata pua. Akajizuia, akawaza haraka haraka.

"Haya. Lakini uwanja huu una mila yake. Mzazi anayemtoa mtoto hulimaliza yeye somo la mtoto. Anguka vizuri, uinuke bila kuguna. Kisha mchukue."

"Kuanguka? Hata gunia huanguka!" Kifaru akacheka kwa dharau. "Niangushe basi, kama una ubavu."

"Nikuangushe mimi? Kwa tumbo hilo, sitaona hata pa kushika."

Kifaru akapandwa na mori. Akamkimbilia kichwa chini, ndi! ndi! ndi! Nguchiro akamngoja, akamngoja, halafu chupu! akapita katikati ya miguu yake. Kifaru akageuka ghafla kumtafuta, miguu ikapishana, naye PUU! Pembe ikazama ardhini, pumzi zikamkatika.

"Uuuh! Mgongo wangu! Uuuh!"

"Umeguna," akasema Nguchiro.

Kipusa akaja mbio. Hakuwa analia sasa, alikuwa amekasirika.

"Baba! Kwa nini umekaza shingo? Kidevu kifuani! Viringikia bega, hivi!" Akajitupa chini, akaviringika, akasimama wima. Hakuguna.

Kifaru akamkodolea macho. "Umejifunza wapi hayo?"

"Si hapa hapa! Ungekuja kuniona ungejua! Ulikuja siku ya ngoma, na leo umekuja kunitoa. Katikati ulikuwa wapi?"

Bwana mkubwa aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira.

"Kesho narudi," akamwambia Nguchiro. "Nitaanguka vizuri, nimchukue mwanangu!"

Akarudi. Akaanguka vibaya. Akarudi tena, akaanguka vibaya zaidi. Kipusa naye ikambidi awahi uwanjani kila mara, maana nani mwingine angemfundisha mzee huyu asiyesikia? "Kidevu, baba! Nimesema kidevu!" Na kwa kumfundisha baba, akazidi kujua yeye. Akaanza kuwabwaga wenzake.

Hatimaye siku ikafika, Kifaru akaanguka, akaviringika, akainuka kimya.

"Haya! Nimemaliza! Kipusa, twende!"

Nyati alikuwa akipita njia. Akauliza kimemalizwa nini, akaelezwa ile mila.

"Mila gani?" akashangaa. "Mimi wangu nilimtoa kwa kuaga tu."

Lo! Kifaru aliwaka. "Nguchiro! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo! Na ningekudanganya tena! Njia ile pale, mchukue!"

Kifaru akamgeukia binti yake. Kipusa alikuwa ameshikana na mtoto wa Ngiri, jasho linamchuruzika, wala hakugeuza kichwa.

"Baba, punguza kelele. Kama umechoka, tangulia nyumbani. Mimi bado."

Kifaru akasimama pale anahema kwa hasira. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, akamtazama mpaka mwisho.

Basi wanangu, nendeni mkawaambie wakubwa zenu hivi: mtoto hudumu mazoezini mzazi anapokuja kuchafuka naye, si anapompigia ngoma siku ya kwanza kisha akatoweka.