Seremala na Mdomo wa Kiko

Haya, ndugu zangu, funikeni vitabu kidogo. Na wewe wa benchi la nyuma unayetazama saa, tulia, nakuona. Nina habari ya watu wawili na kiko kimoja. Wazee wa kanisa msinikazie macho, mambo ya tumbaku tutayazungumza siku nyingine.

Alikuwepo seremala mmoja, mtu wa milimani kama sisi. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wakahamia mjini, akabaki yeye na randa zake. Rafiki yake alikuwa mmoja tu: mfuga nyuki wa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kila Jumapili baada ya ibada ya kanisa la kwao ng'ambo mfuga nyuki alikuja na kiko alichoachiwa na marehemu baba yake, wakakaa kwenye karakana, wakavuta kwa zamu na kupiga soga mpaka chai ikapoa.

Jumapili moja kiberiti kiliisha. Seremala akachukua kaa la moto jikoni, tena kubwa, akawashia kiko. Kaa likaunguza mdomo wa kiko, pale juu panapotiwa tumbaku, mti ukawa mweusi upande mzima.

"We bwana! Umeniunguzia kiko cha baba!"

Hapo neno moja tu lilitosha. Samahani. Basi, yangekwisha. Lakini nani kati yetu anapenda kukiri kosa mbele ya mtu aliyekwisha kupaza sauti? Seremala akajibu, "Kiko tu hicho. Hata baba yako mwenyewe asingepiga kelele hivi."

Mfuga nyuki akainuka, akamsukumia kiko. "Kaa nacho. Kikirudi kama kilivyokuwa, niletee." Akaondoka bila kuaga.

Haya, seremala hakuwa mtu wa kushindwa na kipande cha mti. Kesho yake akaanza. Msasa laini, kitambaa chenye mate, kisha nta ya kung'arishia, donge kubwa alilopewa na rafiki huyo huyo. Baada ya wiki tatu weusi ulikuwa umetoka. Angeweza kwenda siku hiyo hiyo. Lakini alikipeleka juani, akakigeuza, akaona kama kivuli cha kahawia. "Bado kidogo," akasema. "Siwezi kumpelekea hivi."

Jumapili iliyofuata akasugua tena. Bado kidogo. Ukapita mwezi, ukapita mwaka. Na upweke ule, jamani! Alikuwa akitoa vikombe viwili kwa mazoea, halafu anarudisha kimoja kabatini. Akisimama mlangoni anauona moshi wa jiko la mwenzake ng'ambo. Sokoni, miaka ile ya mwanzo, anauliza watu, kama mtu asiyejali, "Nyuki wa huko mwaka huu wanasemaje?" Akiambiwa mwenyewe ni mzima, anafurahi siku nzima, peke yake. Alimkumbuka yule mtu mpaka kifua kinamuuma. Na dawa yake ilikuwa nini? Kurudi ndani akasugue kiko.

Niambieni, huyu alikuwa anasafisha kiko, au alikuwa amejificha nyuma yake?

Miaka tisa. Mwaka wa tisa nta ikaisha. Na milima ile yote nta inatoka wapi? Kwa mfuga nyuki! Siku mbili seremala alilitazama kopo tupu la nta. Siku ya tatu akavaa koti, akatia kiko mfukoni, akajiambia kwamba anakwenda kununua nta tu. Miaka tisa, ndugu zangu, na njia ilikuwa ile ile ya nusu saa.

Mke wa mfuga nyuki alimpokea mlangoni. "Karibu, shemeji. Umekawia."

Rafiki yake alikuwa ameketi dirishani, blanketi magotini, mkono mmoja umelala tu. Habari ya nta ikamtoka seremala kichwani. Akatoa kiko, kinang'aa vibaya sana. "Nilitaka kiwe kama kilivyokuwa," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikiunguza mimi."

Mgonjwa akakipokea kwa mkono mzima, akapapasa mdomo wake. Ulikuwa umelika kwa kusuguliwa, mwembamba kama ukucha. Moto wa siku moja tu ungeupasua. Akakiweka chini, akamshika seremala mkono, akaukaza. Midomo ikamcheza. Neno halikutoka.

"Hasemi," mkewe akaeleza. "Kiharusi kilimpata mavuno ya mwaka jana. Na kiko, shemeji, aliacha mwaka ule ule mliogombana. Alisema kuvuta peke yake hakuna ladha."

"Hakuwahi kunitaja?"

"Kila Jumapili. Alikuwa akikaa hapo hapo anasema, leo atakuja, nina neno la kumwambia. Nikimuuliza neno gani, ananijibu, hilo ni lake, si lako."

Seremala akamtazama rafiki yake machoni. Neno lilikuwamo mle ndani, na hakuna tena wa kulitoa.

Sisi je? Yuko mtu humu ameandika barua mara sita na kuichana mara sita. Yuko mwingine hajashiriki meza ya Bwana mwaka wa nne huu, anasema kwanza ajitengeneze. Na wako dada wawili, siwataji, mmoja hukaa kulia na mwenzake kushoto, kila mmoja anangoja moyo upoe. Bado kidogo, bado kidogo! Tunasugua doa ambalo mwenzetu alikwisha kulisahau, mpaka tunakimaliza kile tulichotaka kurudisha. Nani alikwambia Mungu anakutaka ung'ae kwanza ndipo uje?

Leo sina matangazo. Wewe wa benchi la nyuma, saa inasemaje? Imebaki nusu saa. Nawapa. Mlango ule pale. Nenda na doa lako kwa huyo unayemjua, maadamu bado anaweza kukujibu.