Mtaimbo Chini ya Genge

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, baiskeli za umeme zilipokuwa bado ngeni pwani ya kusini, watu wanne walitoka asubuhi kuziendesha kandokando ya bahari. Mbele alikuwa Subira, mwanamke mwongoza wageni. Nyuma yake Nyemo na mumewe Mazengo, watu wa Dodoma wasiojua kuogelea. Mwisho Vuai, fundi wa baiskeli.

Njia zilikuwa mbili: moja juu ya genge la mawe, nyingine chini yake, mchangani, yenye kupendeza macho.

"Leo bamvua, bahari itajaa kupita siku zote," Subira akasema. "Maji yakijaa, huko chini hapabaki pa kukanyaga. Tupite juu."

"Dada, tumetoka mbali," Mazengo akasihi. "Tupitishe chini, mara hii tu."

Subira akatazama bahari, akatazama saa. Akakubali.

Walikuwa katikati ya njia ya chini baiskeli ya Nyemo ilipoteleza miambani. Mguu wake ukazama katika ufa, jiwe likaporomoka, likaubana. Wakavuta, haukutoka. Wakavuta tena, haukutoka. Maji yakaja vifundoni.

Vuai akarukia baiskeli yake, akarudi walikotoka, mawimbi yakipiga magurudumu.

"Vuai! Vuai!"

Hakugeuka.

Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Mazengo akaparamia mwanya wa genge, akakumbatia jiwe.

"Mume wangu, usiniache!" Nyemo akalia.

Mumewe akazidi kulikumbatia jiwe.

Maji yakafika shingoni. Subira akasimama nyuma ya Nyemo, akamwinua kidevu. "Wimbi likija, funga mdomo. Sasa pumua. Funga. Pumua."

"Dada, ondoka. Utakufa nami."

"Pumua!"

Mara Vuai akatokea juu ya genge, mtaimbo begani. Alikuwa ameuchukua penye kazi ya wachonga mawe huko juu, wenyewe hawapo, akaanguka njiani, kifundo cha mkono kikavunjika. Akateremka mwanyani hadi kwa Mazengo.

"Siwezi kuushika kwa mkono mmoja. Subira akimwachia, mkeo anazama. Umebaki wewe."

Mazengo akatazama yale maji. Akalia kama mtoto. Kisha akauchukua, akajitosa. Alizama, akaibuka anatapika maji. Akazama tena. Mara ya tatu jiwe likainuka, mguu ukatoka. Wakamvuta Nyemo hadi juu.

Pale juu, akihema, Nyemo akasema: "Nina mimba. Mtoto akizaliwa salama, aliyeniokoa ndiye atakayempa jina."

Akazaliwa binti. Siku ya saba wakakusanyika.

Subira akasema: "Nilifanya kosa kuikubali njia ile. Lakini mumeo alipanda, Vuai aliondoka. Mimi sikukuachia. Bila mikono yangu, mtaimbo ungekuta maiti."

Vuai akasema: "Sitadanganya. Nilikimbia kwa hofu. Nilipofika juu, pa salama, nikasikia ukilia, ndipo nikautafuta mtaimbo. Bila mtaimbo, mngekufa wawili mmeshikana."

Mazengo akasema: "Njia ya chini niliitaka mimi. Nami niliogopa kuliko wote. Lakini aliyeingia chini ya maji yale bila kujua kuogelea ni nani?"

Nyemo akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mtoto analia, hana jina.

Enyi mliosikiliza, hukumu ni yenu: kati ya hao watatu, nani anastahili kumpa binti huyu jina?