Siku Saba za Babu Yake Nyati

Hadithi inabisha hodi!
— Ipite ndani, ikae kitako.
Imetoka mbali, ina vumbi miguuni!
— Ipeni maji, iseme.
Itasema ya wanyama, msije mkaona ni yenu!
— Yetu tunayajua. Sema.

Haya. Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa nane, saa nne na robo asubuhi. Ishikeni saa hiyo, maana ndiyo saa Sikukuu ya Kisima ilipoharibika.

Kunguru ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Alisimama juu ya jiwe, ameshika karatasi yenye majina manne, anakohoa ili aanze kusoma. Nyati akamsogelea, akampumulia shingoni, mfff!

"Majina hayo ya nini kila mwaka?" Nyati akasema. "Jua kali, chakula kinapoa. Yaruke."

Kunguru akaitazama karatasi. Akazitazama pembe. Akaikunja karatasi.

Majina yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya wachimbaji. Zamani mvua iligoma misimu mitatu. Wenye miguu mirefu wakahama. Wenye miguu mifupi wakabaki, maana wangekwenda wapi? Wanne kati yao wakaingia ardhini: fuko wawili, nungunungu mmoja, na Pimbi Kibwana, ambaye nyayo zake zilinata kwenye jiwe, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshuka chini kabisa kulegeza mawe. Wakachimba siku arobaini. Siku ya arobaini na moja maji yakatoka, bubuju bubuju! Na ukuta wa udongo ukaanguka, gudu! Maji yakapanda. Wao hawakupanda.

Ndiyo maana kukawa na sikukuu. Kila mwaka wanyama walikusanyika, majina manne yakasomwa, wakasema kwa pamoja "Mungu amrehemu," mara nne, kisha wakanywa, kisha wakala, kisha ngoma mpaka jua linapotua. Majina yalichukua muda wa kumenya chungwa. Nani alichoka? Hakuna aliyechoka.

Bi Pimbi, mjane wa Kibwana, alikuwa amekaa mstari wa mbele Jumatano ile. Alikwisha fungua mdomo aseme "Mungu amrehemu." Akabaki na mdomo wazi. Ngoma zikaanza, dundu-dundu-du! Akangoja mmoja tu aseme, "Jamani, na majina?" Hakuna aliyesema. Ubwabwa ulikuwa unanukia.

Mwaka wa pili Nyati akapanda jukwaani, akasema: "Babu yangu alikuwepo." Wanyama wakapiga makofi.

Mwaka wa tatu Nyati akapanda jukwaani, akasema: "Babu yangu alisaidia." Wanyama wakapiga makofi zaidi.

Mwaka wa nne Nyati akapanda jukwaani, akasema: "Babu yangu alichimba." Wanyama wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na wasio na viganja wakapiga kwato.

Mwaka wa tano zikatoka khanga, zimechorwa pembe mbili, na maneno yake: BILA PEMBE HAKUNA MAJI. Na kwa kuwa sasa ni mjukuu wa mchimbaji, Nyati alikunywa wa kwanza, mpaka kisima kikageuka tope. Sufuria ya kwanza ya ubwabwa ikawa yake. Ya pili ikawa yake. Ya tatu aliwaachia wenzake, isipokuwa ukoko.

Bi Pimbi akainuka. "Bwana Nyati, mdomo wa kisima hiki ni upana wa kobe wawili. Babu yako aliingiaje?"

"Bibi, tafadhali," Kunguru akasema. "Tuko kwenye furaha."

"Nauliza upana tu."

"Mjane ana uchungu," Nyati akasema kwa sauti ya upole, ile ya kuudhi. "Tumsamehe, jamani."

Wakamsamehe! Hakumkosea mtu, na wanyama mia tatu wakamsamehe, wali ukiwa bado mdomoni. Bi Pimbi akakaa chini. Utamjibu nini mtu anayekusamehe?

Wakati wa kurudi nyumbani, mjukuu wake Mwanaidi alitembea mbele, amejifunga khanga mpya ya pembe, anaruka jiwe hadi jiwe.

"Bibi, hivi babu Kibwana aliugua nini?"

"Nani aliugua?"

"Babu. Si alikufa?"

"Hakuugua, mama. Alichimba kisima. Ndimo alimofia."

Mwanaidi akacheka, akamgeukia. "Bibi nawe! Kisima kilichimbwa na babu yake Nyati. Mbona hata wimbo upo?" Akauimba wote, beti tatu, wala hakukosea hata neno.

Hapo Bi Pimbi akasimama njiani. Akaelewa kwamba Kibwana alikufa mara ya kwanza kisimani, na sasa anakufa mara ya pili, kwenye sikukuu yake mwenyewe, na damu yake mwenyewe inapiga makofi. Maana mtoto hakumbuki alichoambiwa nyumbani. Mtoto anakumbuka siku aliyovaa nguo mpya.

Alipofika nyumbani akasali, akamwomba Mungu subira. Akaomba subira mwezi mzima. Mungu, ajuaye zaidi, hakumpa subira. Alimpa akili.

Mwaka wa sita, siku ya kikao cha maandalizi, Bi Pimbi akaenda. Nyati alikuwa amekaa mbele, Kunguru yuko kando na daftari.

"Hodi wenyewe. Bwana Nyati, nimekuja kuomba radhi. Mwaka jana niliuliza swali baya."

"Nilikwisha kusamehe, bibi."

"Najua. Nilisikia. Leo nina swali zuri. Babu yako, shujaa wetu, alichimba siku ngapi?"

Nyati hakuwahi kuulizwa. "Siku... tatu."

"Tatu tu?" Bi Pimbi akashika shavu. "Siku tatu si hata sungura anachimba?"

"Saba!" Nyati akasema. "Nilitaka kusema saba."

"Saba! Kunguru, andika. Na katika siku saba hizo, alikula nini?"

"Alikula..."

"Shujaa huyo, alikula?"

"Hakula!"

"Hakula! Kunguru, andika. Na alikunywa nini?"

"Kisima bado hakijatoa maji, angekunywa nini? Hakunywa!"

"Hakunywa! Kunguru, andika. Na alipumzika kivulini?"

"Kivuli cha nini? Juani! Mchana kutwa juani!"

"Juani! Kunguru, andika."

"Kraa! Imeandikwa," Kunguru akasema, naye machozi yanamlengalenga.

Bi Pimbi akatikisa kichwa polepole. "Na mambo makubwa hivi, sisi tunayasikia kwa masikio tu. Jambo la kusikia linasahaulika. Laiti watu wangeonyeshwa kwa macho, siku saba, kama ilivyokuwa. Lakini nani aonyeshe? Labda Kifaru. Ana pembe na yeye."

"Kifaru?" Nyati akasimama, kiti kikaanguka, paa! "Kifaru ana undugu gani na babu yangu? Nitaonyesha mimi!"

"Wewe mwenyewe, Bwana Nyati? Siku saba?"

Nyati akauliza: "Na chakula?"

"Siku ya nane. Masufuria yote, yako peke yako."

"Yote?"

"Na ukoko wake."

"Andika!" Nyati akamwambia Kunguru.

Siku ya kwanza ikafika. Wanyama walijaa pande zote, kila mmoja na khanga yake. Nyati akainamisha pembe kando ya kisima, akachimba, tifu! tifu! tifu! Vumbi likaruka, wimbo ukaimbwa, Nyati akatabasamu. Bi Pimbi alitandika mkeka wake, akakaa na tasbihi yake.

Siku ya pili Nyati akasogea kando, taratibu, kwenye majani. Watoto wakamzunguka. "Shujaa hakula! Shujaa hakula!" Hawakumzuia kwa ubaya. Walimpenda. Nyati akarudi. Tifu. Tifu.

Siku ya tatu asubuhi akamwita Kunguru pembeni.

"Nadhani babu alikula kidogo."

Kunguru akafunua daftari. "Imeandikwa: hakula."

"Basi alikunywa. Funda moja."

"Imeandikwa: hakunywa."

"Alikaa kivulini, basi!"

"Imeandikwa: juani. Mheshimiwa, ulisema mwenyewe, na nilitoa machozi."

Nyati akakasirika, akainua pembe, akakwaruza ardhi kwa kwato, akavuma, mfff! Wanyama wote wakapiga makofi. "Mtazameni! Ndivyo babu yake alivyolivamia jiwe!"

"Nina kiu!" Nyati akapiga kelele.

"Lo, anaigiza vizuri huyu," Kanga mmoja akasema, akajifuta macho kwa bawa.

"Siigizi! Nina kiu!"

"Mnasikia? Babu yake naye lazima alisema hivyohivyo!"

Siku ya nne, jua likiwa utosini, ulimi wa Nyati umetoka nje kama kandambili, miguu ya mbele ikakunjika, ya nyuma ikafuata, akaanguka, pu! Vumbi likatulia. Na palepale chini akalia kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo:

"Babu yangu hakuwepo!"

"Hilo halimo," Kunguru akasema, anapekua daftari.

"Hakuwepo! Siku ya kwanza ya ukame alikimbilia bwawa la mbali, na sisi sote tukamfuata! Tulirudi mvua iliponyesha, tukakuta kisima kimejaa, tukanywa! Hakuchimba hata tundu la panzi! Nipeni maji, jamani, nakufa!"

Mwanaidi akatoka katikati ya wenzake, akasimama karibu na ile pua kubwa iliyojaa vumbi. "Kama si babu yako, nani alichimba?"

"Sijui," Nyati akasema. "Yalikuwa majina manne. Mimi ndiye niliyesema yarukwe."

Wote wakamgeukia Kunguru. Kunguru akajipapasa mabawa yote mawili. Karatasi ile haikuwepo. Alikwisha kuifungia karanga, mwaka wa tatu.

Bi Pimbi akainuka kutoka kwenye mkeka. Hakuhitaji karatasi. Akasema polepole, kama mtu anayepanga vikombe:

"Fuko Pazi. Fuko Shomari. Nungunungu Mwinyikondo. Pimbi Kibwana, mume wangu, babu yake Mwanaidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hawakujua wafanye nini, walikuwa wamesahau. Ikabidi Bi Pimbi awafundishe upya, watu wazima na mvi zao: "Hapo mnasema, Mungu amrehemu." Wakasema, kwa kujikwaa, mmoja mapema, mwingine amechelewa.

Kisha akachota maji mwenyewe, akayapeleka kwa Nyati. Kanga wakanung'unika kwamba mwongo huyo aachwe akauke.

"Hapana," Bi Pimbi akasema. "Wale hawakufia humo ili mtu afe kwa kiu pembeni. Kunywa, Bwana Nyati. Taratibu, utapaliwa."

Mwaka wa saba sikukuu ikafika, na saa nne na robo Kunguru akasoma majina manne, yote. Mnadhani mambo yakanyooka? Yanyooke wapi! Majina yalipokwisha, watoto wakaomba mchezo. Mchezo gani? Mchezo wa Kuanguka kwa Nyati. Mmoja anajifunga mkungu wa ndizi tumboni, anatembea akiyumba, anasema "Nina kiu!", kisha pu! Wanyama wakacheka mpaka wakalala chini. Wakataka urudiwe. Ukarudiwa mara sita. Khanga mpya zikatoka, zimechorwa nyati chali, na maneno yake: PU! Nyati mwenyewe alinunua mbili, akasema angalau picha imefanana.

Bi Pimbi akatazama, akashusha pumzi. Wachimbaji wanne walikufa, wakapewa muda wa kumenya chungwa. Mwongo mmoja alianguka, akapewa asubuhi nzima. Akataka kusimama aseme. Akawaona walivyofurahi. Akaona wangemsamehe tena, akaacha.

Lakini jambo moja alilisikia, na nalo ndilo alilorudi nalo nyumbani. Jina la nne liliposomwa, katika sauti zile mia tatu za kuburuta, sauti moja nyembamba ilitangulia zote na kuzishinda zote: "Mungu amrehemu babu." Ilikuwa ya Mwanaidi. Alikuwa amevaa nguo mpya.

Hadithi imenyanyuka, inakung'uta nguo!
— Iende salama, isisahau viatu.
Imewaachia nini?
— Tuambie wewe, sisi tulikuwa tunacheka.

Basi funzo lake ni hili, wanangu, lishikeni: ukimsingizia babu yako ushujaa, msingizie na chakula. Sema alichimba, lakini alipumzika adhuhuri. Sema alipigana, lakini baada ya chai. Uongo wenye chakula ndani yake unadumu, na mwenye kuusema haanguki.

Na sasa tulieni kidogo, wekeni vikombe chini. Ewe Mola, warehemu waliotangulia. Warehemu waliochimba tunapokunywa, na waliopanda tunapokula, wale tunaowataja na wale ambao majina yao yalirukwa kwa sababu jua lilikuwa kali. Wewe huna karatasi ya kupotea. Wape nafasi, wape nuru, wape maji baridi. Amina.